"Nilikunywa jana, si leo": Kipimo cha pombe kiandikwe ndani ya Sheria ya Trafiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2019, na ambalo hunirudia kila Desemba inapokaribia na maafisa wa serikali wanapoanza kutangaza kwamba madereva walevi watakiona cha mtema kuni. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumikia katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya umma iliyo kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Majeruhi wa barabarani niliowapokea sikuweza kuwahesabu. Sitawachosha wasomaji kwa kuwaambia kwamba pombe na usukani havipatani, kwa maana hilo hata yule anayeendesha akiwa amelewa analijua. Ninalotaka kusema ni kwamba sheria yetu, jinsi ilivyoandikwa, inamsaka mlevi anayepepesuka, na kwa sababu hiyo inampita bila kumwona dereva ambaye pombe imo damuni mwake ilhali miguu yake i imara na maneno yake yamenyooka.

Asubuhi moja ya mwaka huo, muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri, mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa kwa wateja wake aligongwa na matatu akivuka barabara. Aliletwa kwetu nyuma ya pikapu ya msamaria mwema, na akakata roho kabla daktari hajamaliza kumpima. Dereva wa matatu naye alifika kwa miguu yake, akiwa na jeraha dogo juu ya jicho. Nilimshona mimi mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeniita mama, akaniuliza mara tatu habari za yule aliyemgonga, na nilipoinama karibu na uso wake nikasikia harufu ya pombe, si kali, bali ile ya kale inayotoka kwa mtu aliyelala nayo. Nilimuuliza kama amekunywa. Akanijibu bila kusita: "Nilikunywa jana, mama, si leo." Akanieleza kwamba alikuwa ameanza mwendo wa saa moja jioni, akanywa chupa sita za bia, akatoka baa ilipofungwa saa tano usiku, akaenda nyumbani akalala, akaamka saa kumi, akaoga kwa maji baridi na kunywa chai ya rangi iliyokolea. Kwa hesabu yake, usiku ulikuwa umekwisha na pombe imekwenda na usiku.

Ningependa kila dereva asome aya hii kwa utulivu, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoua. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kileo cha asilimia 5, ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kwa mwanamume mwenye uzito wa kilo 70, kila chupa ya namna hiyo hupandisha kiwango cha pombe kwa miligramu 41 na ushei katika kila mililita 100 za damu. Ini, ambalo ndilo hasa linaloivunja pombe hiyo, halina haraka: kwa wastani hupunguza miligramu 15 hivi kwa saa, na mwendo huo haubadilishwi na kahawa, wala supu ya mifupa, wala kachumbari, wala maziwa, wala maji ya baridi, wala usingizi wenyewe. Wapo watu ambao miili yao huenda kasi zaidi na wapo walio wazito zaidi, lakini tuchukue wastani huo. Chupa sita ni karibu miligramu 248. Toa saa nne alizokaa baa, yaani 60, zinabaki 188. Toa saa sita kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani 90, zinabaki 98. Katika nchi nyingi zilizoweka kikomo, hata zile zenye kikomo cha miligramu 80 kilicho kilegevu kuliko kile cha miligramu 50 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa madereva wa kawaida, kijana yule angehesabiwa kuwa ameendesha akiwa amelewa, saa sita baada ya kuweka chini glasi ya mwisho. Na hapa hatujamtaja yule anayeamka na kichwa kizito akapitia mahali kwanza "kutoa loki", yaani kunywa tena ili kutuliza uchovu wa pombe ya jana, kabla ya kushika usukani.

Naomba pia ieleweke kwamba kijana huyo hakuvunja masharti ya saa za baa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wetu bado tunaiita Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kuuza pombe hadi saa tano usiku, naye alitoka saa tano. Aliitii sheria ya baa kikamilifu, na alfajiri akaua mtu.

Mtu anapozoea kunywa, mwili wake hujifunza kuficha. Hujifunza kutembea wima, kutamka maneno vizuri, kushika kalamu na kutia sahihi mahali panapotakiwa. Usichoweza kujifunza kuficha ni kile ambacho barabara inadai: jicho kuona kinachotoka pembeni, akili kugawanya usikivu kati ya mambo mawili au matatu kwa wakati mmoja, na mguu kufika kwenye breki mara tu hatari inapoonekana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kwa nusu sekunde tu, gari limekwishakwenda mita 11 zaidi kabla breki haijaguswa, na mita 11 ni zaidi ya upana wa barabara ya njia mbili ambayo mama yule alikuwa akiivuka. Kijana aliniambia, na ninaamini alisema kweli, kwamba alimwona. Alimwona, ila alimwona amechelewa.

Sasa nifike mahakamani. Polisi walifika hospitalini wakiwa na karatasi zao, lakini hawakuwa na kifaa cha kupima pumzi, na damu ya dereva ilitolewa saa tatu asubuhi, yaani saa nne baada ya ajali. Msomaji aliyefuata hesabu yangu anajua kilichotokea katika saa hizo nne: ini lilikuwa limeendelea na kazi yake, na ushahidi ulikuwa ukipungua kwa miligramu 15 kila saa huku sisi tukimtafuta mtu wa kujaza fomu. Matokeo yaliposomwa mbele ya hakimu miezi mingi baadaye, hayakufika hata nusu ya miligramu 80. Niliitwa kama shahidi. Nikaulizwa, nikiwa nimeapa, kama mshtakiwa alikuwa akiyumba alipoingia hospitalini. Nikajibu kwamba hakuyumba. Nikaulizwa kama alizungumza kwa kueleweka. Nikajibu kwamba alizungumza vizuri. Nikaulizwa kama aliweza kuketi, kusimama na kufuata maagizo yangu nilipokuwa nikimshona. Nikajibu ndiyo. Nilisema kuhusu harufu, na wakili wake akaniuliza kwa upole kama harufu inaweza kuonyesha kwamba mtu ameshindwa kuliongoza gari. Ukweli ni kwamba haiwezi. Shtaka la kuendesha akiwa amelewa likaanguka, na ushahidi wangu wa kweli ndio ulioliangusha. Kwa kuwa hakukuwa na shahidi wa mwendo wake wala wa namna alivyoendesha kabla ya kugonga, alipatikana na hatia ya kuendesha bila uangalifu, akatozwa faini, na ndugu zake wakachanga wakailipa siku hiyo hiyo. Mume wa marehemu alikuwa ameketi nyuma yangu. Sikuweza kugeuka.

Simlaumu hakimu. Alisoma sheria ilivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu anayeendesha, au anayejaribu kuendesha, au aliye na dhamana ya gari barabarani, anatenda kosa ikiwa yuko chini ya nguvu ya kileo au dawa kwa kiasi cha kutoweza kulimudu gari ipasavyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kufuli. Hayaulizi ni pombe kiasi gani imo damuni. Yanauliza kama dereva ameshindwa, na kushindwa huko ni lazima kiongozi wa mashtaka akuthibitishe bila kuacha shaka, kwa kutegemea macho ya watu waliofika baada ya jambo kutendeka.

Maneno hayo yalitoka Uingereza. Yamo karibu neno kwa neno katika sheria yake ya barabara ya mwaka 1930, nasi tukayarithi katika sheria iliyoandikwa zama za ukoloni katika miaka ya 1950. Waingereza wenyewe waliona kwa miaka mingi jinsi washtakiwa walivyoponyoka kwa kutembea juu ya mstari ulionyooka mbele ya daktari wa polisi, wakachoka, na mwaka 1967 wakapitisha sheria mpya iliyoweka kikomo cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu na kuwapa polisi uwezo wa kupima pumzi kando ya barabara. Kuanzia hapo kuzidi kikomo kukawa kosa lenyewe, iwe dereva anayumba au hayumbi. Katika mwaka wa kwanza wa sheria hiyo vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Norway ilikuwa imetangulia kuweka kikomo tangu mwaka 1936. Majirani zetu wa Tanzania na Uganda nao wana vikomo vyao. Sisi tumeendelea kushikilia sentensi ambayo wenyewe walioitunga waliona haitoshi zaidi ya nusu karne iliyopita.

Nitajibiwa kwamba tulikuwa na Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pombe katika pumzi ya dereva. Ni kweli, tulikuwa nayo, na historia yake ndiyo inayonifanya niandike barua hii badala ya kunyamaza na kungoja. Kanuni za kupima pumzi zilitungwa mwaka 2011, na Desemba 2013 vifaa vikaingia barabarani. Kwa muda niliona tofauti kwa macho yangu mwenyewe: usiku wa Ijumaa na Jumamosi ulipoa kidogo katika chumba chetu, na watu ambao sikuwahi kuwatarajia wakaanza kuwapigia simu wake zao au mashemeji zao waje kuwachukua. Kisha mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile zilikwenda kinyume na sheria mama. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi: Sheria ya Trafiki inataka kuthibitishwa kwamba dereva ameshindwa kulimudu gari, na kanuni, ambazo ni mtoto wa sheria hiyo, haziwezi kuunda kosa jingine linalotosheka na tarakimu ya kifaa. Mahakama haikusema kwamba kifaa ni kibovu wala kwamba ni haki ya mtu kuendesha akiwa amelewa. Ilisema kazi hiyo ni ya Bunge. Kifungu cha 94(5) cha Katiba yetu kinasema wazi kwamba hakuna mtu wala chombo chochote, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria ila pale kilipopewa mamlaka hayo na Katiba au na sheria.

Tangu hapo vifaa vimerudi barabarani na kutoweka, vikarudi tena, hasa msimu wa sikukuu. Mwaka 2025 wananchi waliitwa kutoa maoni kuhusu rasimu ya kanuni mpya za kuendesha gari baada ya kunywa. Nilifurahi kuona kwamba jambo hili halijasahaulika, lakini hofu yangu ni ile ile. Tukijenga tena nyumba ya kanuni juu ya msingi wa kifungu cha 44 jinsi kilivyo, wakili yeyote aliyesoma uamuzi wa mwaka 2017 ataubomoa ukuta huo, na sisi tutaanza upya baada ya miaka mingine sita, tukiwa tumezika watu wengine. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliripoti vifo 4,324 barabarani mwaka 2023 na vifo 4,748 mwaka 2024. Idadi hiyo ya pili ni sawa na watu 13 hivi kila siku, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu, ambao hawana mkanda, hawana kofia ya chuma, na hawakuchagua dereva.

Ninaloliomba Bunge ni hili. Kifungu cha 44 kibaki kilivyo kwa wale waliolewa chakari, lakini kando yake kiandikwe kifungu kipya, ndani ya sheria yenyewe na si ndani ya kanuni, kitakachosema kwamba ni kosa kuendesha gari kiwango cha pombe katika damu au pumzi kikiwa kimezidi kikomo kilichotajwa kwa tarakimu, na kwamba kwa madereva wa matatu, mabasi, malori, magari ya shule na pikipiki za bodaboda kikomo hicho ni sufuri. Kiandikwe pia kwamba baada ya ajali yoyote iliyosababisha kifo au jeraha baya, kila dereva aliyehusika apimwe pumzi papo hapo, au damu yake itolewe katika muda uliowekwa, tuseme saa mbili, na kwamba kukataa kupimwa bila sababu ya kiafya ni kosa lenye adhabu sawa na ya kuzidi kikomo. Na hospitali za umma zilizo kando ya barabara kuu zipewe vichupa vya damu vyenye dawa ya kuhifadhi pamoja na fomu zake, ili muuguzi wa zamu asianze kutafuta kalamu huku ini la mshtakiwa likifanya kazi. Katika rejista yetu ya majeruhi hakukuwa na hata safu ya kuandika kama pombe ilikuwamo. Tuliandika jina, umri, jeraha na aina ya gari. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Najua kuna wanaoamini kwamba sheria kali zaidi itakuwa tu kisima kingine cha hongo. Hoja hiyo siichukulii kwa wepesi, maana nimeishi kando ya barabara hiyo na nimeona noti zikipita dirishani. Lakini naona kwamba sheria tuliyo nayo sasa ndiyo inayomlisha mla hongo. Pale ambapo kosa linategemea maoni ya afisa kwamba "wewe umelewa", kuna nafasi kubwa ya kujadiliana gizani. Pale ambapo kifaa kinatoa karatasi yenye tarakimu, tarehe na saa, nakala moja ikibaki kwa dereva na nyingine ikienda mahakamani, nafasi hiyo inapungua. Haitakwisha, lakini itapungua, na dereva ambaye hakunywa naye atakuwa na karatasi ya kumtetea dhidi ya afisa anayemsingizia.

Wengine watasema watakaokamatwa ni maskini, kwa sababu mwenye gari kubwa hupiga simu moja akaachiliwa. Hilo linaniuma zaidi. Dawa yake, kwa sehemu, ni kutoacha kazi hii mikononi mwa vizuizi vya polisi vya usiku peke yake. Matatu zote zinatakiwa kuwa chini ya chama cha ushirika au kampuni. Basi chama kinachogawa zamu za alfajiri kiwe na kifaa chake stendi, na dereva apulize kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mbele ya makanga wake na abiria wa kwanza. Kama kipimo si sufuri, arudi akalale, apangiwe zamu ya mchana, asifukuzwe. Kijana niliyemshona angeokoka kwa njia hiyo, na mama yule angefikisha maziwa yake. Nasisitiza alfajiri kwa makusudi. Vizuizi vya kupima pumzi nilivyowahi kuviona viliwekwa kati ya saa tatu na saa saba usiku, kana kwamba pombe huisha jogoo anapowika.

Kwa madereva wenyewe, naomba niseme kwa kifupi yale ambayo wengi hawayajui hadi siku wanaposimama kizimbani. Anayepatikana na hatia chini ya kifungu cha 44 anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, na hupoteza haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, mahakama ikiwa na uwezo wa kuongeza muda huo. Aliyesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari anashtakiwa chini ya kifungu cha 46, ambacho adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 10, na mahakama humnyima leseni kwa miaka mitatu inayoanza kuhesabiwa baada ya kutoka gerezani. Kwa dereva wa matatu kuna zaidi ya hayo, kwa sababu beji ya kubeba abiria huhitaji cheti cha maadili mema, na hatia ya namna hiyo humfuata katika cheti hicho wakati analo tumbo la kulisha na hana kazi nyingine aliyojifunza.

Kisha kuna madai ya fidia, ambayo ni kesi nyingine kabisa. Familia ya marehemu inaweza kumshtaki dereva pamoja na mwenye gari. Bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na fidia ikizidi hapo ni mzigo wa walioshtakiwa. Kuhusu gari lenyewe, isomeni mikataba yenu ya bima kubwa, ile ya kulipia kila hasara, mtaona kwamba kwa kawaida ina sharti linaloiruhusu kampuni kukataa kulipa ikiwa dereva alikuwa amelewa. Nimemjua mtu aliyeuza shamba la baba yake kwa sababu ya gari alilomwazima rafiki yake usiku wa harusi. Hakuwa amekunywa hata tone yeye mwenyewe.

Mimi si mpinzani wa pombe. Marehemu baba yangu alikunywa busaa pamoja na wazee wenzake maisha yake yote, na walirudi nyumbani kwa miguu, wakishikana mikono. Sitaki mtu azuiwe kunywa nyumbani kwake wala katika baa yenye leseni. Ninachotaka ni mtu akihesabu chupa zake ahesabu na saa zake, na pale asipohesabu yeye, sheria imhesabie kwa tarakimu ambayo wakili hawezi kuibishia kwa kuuliza kama mteja wake alikuwa akitembea wima.

Nimestaafu sasa, lakini nilikuwa na desturi ya kuweka daftari langu mwenyewe la zamu, lisilo na majina, ambamo niliandika saa ambayo kila dereva aliyehusika katika ajali alifika kwetu, kama alinuka pombe, na saa ambayo damu yake ilitolewa, ikiwa ilitolewa. Kamati ya Uchukuzi na Miundomsingi ya Bunge la Taifa ikiwaita wananchi kutoa maoni kuhusu marekebisho ya Sheria ya Trafiki, nitapanda matatu ya alfajiri kutoka Gilgil nifike Nairobi mapema, nami nitaliweka daftari hilo mezani mbele ya waheshimiwa.

Wako mwaminifu,

Muuguzi mstaafu,
Gilgil, Kaunti ya Nakuru